Shahidi Arudipo Kwao

Leo twataka tuitazame habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi, iliyomo katika Marko sura ya 5. Aliye na Biblia na aifungue.

Mtu huyu alikaa makaburini, akivunja minyororo na kujikatakata kwa mawe. Bwana alipomponya, aliomba jambo ambalo sote tungeliona kuwa jema: apande chomboni afuatane na Yesu. Akakataliwa. Aliagizwa arudi kwao, akawasimulie watu wake mambo aliyotendewa. Kwa nini? Ugenini angekuwa msemaji tu, maana huko hapana aliyepata kuisikia minyororo yake ikilia usiku. Kwao kila mtu aliijua. Tena angalieni mambo yalivyofuatana: kabla ya kutumwa kusimulia, watu walikuwa wamekwisha kumwona ameketi, amevaa nguo, akili zake zimemrudia.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira twaweza kulielewa jambo hili upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kisii kuna watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka nyumba zimesogeana. Jirani husikia tukigombana usiku. Anajua nani alisogeza mpaka, na nani alimaliza pesa za bonasi ya chai kwa changaa huku watoto wamerudishwa kwa ajili ya karo. Mtu aweza kusimama ibadani akashuhudia kwa maneno matamu, kumbe kwenye benchi la nyuma yuko anayemdai. Huyo wa nyuma hasikilizi maneno. Angoja kuona deni.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilijua jambo hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea, na mwaka 1937 ukafika Kenya. Waliookoka walitubu mbele ya watu, lakini hawakuishia hapo. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakawaendea waliokosana nao, kama Zakayo katika Luka 19. Na kwa kweli, jirani akija mchana kukurudishia mbuzi wako, humwulizi amesomea chuo gani cha Biblia.

Basi kwetu kuna jambo moja zito ambalo hatuwezi kulipita. Mwezi wa Mei 2008, watu 11 walichomwa moto hadi kufa katika vijiji vya Kisii kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa wanawake wazee. Mwezi wa Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa kwa dhana hiyo hiyo huko Marani. Nchi hii si nchi isiyosikia Injili. Waadventista walikuwa Nyanchwa hata kabla ya vita vya 1914. Walutheri kutoka Sweden walifika Itierio mwaka 1948. Leo ni vigumu kupata kilima kisicho na kanisa. Wengi wameokoka, ila hofu yao haijaokoka.

Twajua jinsi inavyoanza. Mtoto augua, au kijana afa kwa ajali ya pikipiki, na watu wakiwa bado matangani mmoja anong'ona jina. Mara nyingi ni jina la mjane akaaye peke yake, ambaye wana wake wako mbali. Pengine anacho kipande cha shamba ambacho mtu mwingine anakitamani. Baada ya siku chache watu wanakwepa chakula chake, na watoto wanakatazwa kupita mlangoni pake.

Hapo ndipo ushuhuda wetu hupimwa. Aliyebadilishwa na Kristo humwendea mama yule mchana, watu wakiona. Huketi, hula anachopewa, humpigia magoti na kuomba pamoja naye. Hamwendei peke yake; huchukua ndugu wawili watatu. Tena humpasha habari mzee wa mtaa na chifu mapema, kabla ya usiku wa makelele. Jirani watauliza, “Ninyi hamwogopi?” Hapo ndipo pa kusimulia, maana Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, atuagiza tuwe tayari kumjibu yule atuulizaye. Ni vigumu sana kumjibu mtu ambaye hajaona neno la kuuliza.

Yuko ndugu atakayesema, “Je, kama ni mchawi kweli?” Turudi kwa Wagerasi. Mtu yule alikuwa na pepo kweli, jeshi zima, hata akajiita Legioni. Bwana aliwatoa pepo, na mtu akabaki mzima. Hakuna aliyetafuta kiberiti.

Siku ile watu wa nchi ile walimsihi Yesu aondoke mipakani mwao, naye akaondoka. Lakini fungueni Marko 7, mstari wa 31. Bwana apita tena katika nchi ya Dekapoli, na safari hii watu wamletea kiziwi, wakimsihi amwekee mkono. Kati ya sura hizo mbili, Marko amtaja mtu mmoja tu aliyehubiri katika miji ile, naye ni yule aliyekuwa makaburini.