Jishonee blauzi bila kuharibu kitambaa

KUJISHONEA blauzi ya matembezi nyumbani kunawezekana hata kwa mwenye cherehani ya mkono, lakini kitambaa kilichokatwa kidogo hakiungiki kikapendeza. Ndiyo maana kazi huanza kabla ya mkasi.

Kitenge, khanga na vitambaa vingine vya pamba hufuliwa kwanza, vikaanikwa na kupigwa pasi, kwa kuwa pamba huweza kurudi baada ya kufuliwa.

Kifua hupimwa mahali penye unene zaidi. Kwa blauzi isiyobana, huongezwa takriban sentimita 10. Mwenye kifua cha sentimita 92 atapata 102. Kwa kuwa mbele na nyuma hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, jumla hiyo hugawanywa kwa 4, na kila robo huwa 25.5. Hapo huongezwa 2.5 za mshono wa ubavuni, ikawa 28.

Hesabu hiyo haitaki pupa: kosa la sentimita 1 katika kila robo huwa sentimita 4 kuzunguka mwili.

Kabla ya cherehani, vipande hupigwa bandi kwa mkono, kisha blauzi hujaribiwa. Ikipwaya, mshono huingizwa sentimita 1 kila ubavu, nayo hupungua sentimita 4. Ikibana, hutolewa kiasi hicho hicho. Kwapa likibana, tundu la mkono huchongwa kidogo kidogo, kwani likizidi halirudishiki.

Uzi wa bandi hufumuliwa kwa dakika chache. Mshono wa cherehani ukifumuliwa huweza kuacha alama za sindano.