Sasisha Kompyuta, Linda Siri za Wateja

Unapotumia eCitizen katika saiba ya Nyeri, Karatina au Othaya, nenosiri lako hukaa kwa muda katika kumbukumbu ya kompyuta. Mfumo endeshi ndio huzuia programu moja kuchungulia data ya nyingine. Ukiwa na dosari, siri zaweza kuvuja bila kompyuta kuonyesha hitilafu yoyote.

Tiba ni masasisho. Hata hivyo, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Wenye saiba, hamieni mfumo unaosasishwa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka mlinde taarifa za wateja. Mkazi, uliza kabla ya kuandika nenosiri, na ufunge akaunti yako ukimaliza.