Ufuatiliaji baada ya matibabu ya saratani ya matiti kwa wanawake vijana

Ufuatiliaji baada ya matibabu ya saratani ya matiti ni utaratibu wa kumwangalia mgonjwa kwa miaka kadhaa baada ya upasuaji, kemotherapia na mionzi kumalizika. Kwa wanawake wenye umri chini ya miaka 40 una uzito wa pekee, kwa sababu wengi wao bado wanataka kuzaa.

Ratiba na dalili

Kwa kawaida daktari humwona mgonjwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya kwanza, kila miezi 6 hadi 12 katika miaka 2 inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Titi lililobaki hupigwa picha ya mamografia kila mwaka. Mgonjwa hapaswi kungoja siku ya miadi akiona kivimbe kipya kwenye titi, kovu au kwapa, maumivu ya mifupa yasiyoisha, kikohozi cha muda mrefu, au mkono kuvimba upande uliopasuliwa.

Dawa na uzazi

Saratani inayochochewa na homoni hufuatiwa na vidonge vya tamoksifeni kwa miaka 5 hadi 10. Kuviacha mapema kwa sababu mtu anajisikia mzima huongeza hatari ya ugonjwa kurudi. Tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, wala haizuii mimba, hata hedhi ikikatika. Kwa hiyo hutumika kondomu au kitanzi cha shaba. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango zenye homoni huepukwa.

Hata hivyo, mlango wa uzazi haujafungwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kusimamisha dawa za homoni kwa muda usiozidi miaka 2 ili kuzaa, baada ya kuzitumia miezi 18 hadi 30, hakukuongeza marudio ya saratani katika miaka ya mwanzo. Uamuzi huo hufanywa pamoja na daktari.

Unguja

Hospitali kuu ya rufaa ya Unguja ni Mnazi Mmoja, iliyopo Mji Mkongwe. Wagonjwa wengi wanaohitaji mionzi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa kuwa matibabu hugawanyika hivyo, inafaa mgonjwa atunze nakala ya majibu ya maabara, orodha ya dawa alizopewa na maelezo ya mionzi. Bila majibu hayo, daktari anayempokea kisiwani hawezi kujua kama saratani yake ilikuwa ya homoni, wala kumshauri lini abebe mimba.