Si kila jua hujenga mifupa

Mtoto anayeoteshwa jua nyuma ya kioo cha dirisha hupata joto, lakini vitamini D haipati. Kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno aina ya B, na ni hiyo inayoianzisha kazi ya kuitengeneza.

Kazi yenyewe hufanyika tabaka la juu la ngozi, palipo na kemikali ya jamii ya kolesteroli. Mionzi yenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 290 hadi 315 ikiipiga, kemikali hiyo hubadilika umbo. Kisha joto la mwili huigeuza polepole, kwa saa au hata siku kadhaa, kuwa vitamini D3. Hapo bado haijakamilika: ini huigeuza tena, na figo humalizia, ndipo utumbo upate kufyonza kalsiamu ya chakula ipasavyo. Ukizidisha jua, ziada hubadilishwa kwenye ngozi kuwa vitu visivyo na kazi hiyo. Utaungua, lakini vitamini D haitazidi hadi kuwa sumu mwilini.

Mwaka 1919, jijini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wenye matege, yanayoletwa na upungufu wa vitamini D, kwa taa ya zebaki, na mifupa yao ikaimarika. Alipomulika mkono mmoja, hata ule wa pili ulipona. Kumbe dawa ilisafiri mwilini.

Ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi kwa sababu melanini hufyonza mionzi. Lakini anayeshinda nje kwa kawaida hapungukiwi: Wamasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, ilhali 50 huhesabiwa kuwa zinatosha.

Wazazi wengi huambiwa wawatoe watoto jua la saa moja asubuhi. Ni jua la upole, lakini likiwa chini hivyo, mionzi yake hupita mshazari katika ozoni na aina ya B hunyonywa karibu yote. Tazama kivuli: kikikuzidi urefu, vitamini inayotengenezwa ni haba.

Hata hivyo, usimwanike mtoto mchanga jua la adhuhuri; ngozi yake huungua upesi. Maziwa ya mama nayo yana vitamini D kidogo, kwa hiyo kama mtoto wako hushinda ndani, muulize mhudumu wa kliniki kuhusu matone ya vitamini hiyo. Na mwenye ualbino asiote jua kwa ajili ya vitamini hii: aendelee na kofia, mikono mirefu na losheni ya kinga, na daktari ampangie njia nyingine.