Randevu Zinazokwamia Njiani Kasungami

Mtoto aliyezaliwa na nyayo za kifundo, miguu imepinda ndani, ana tiba. Ni ile aliyoibuni Daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani: mguu unanyooshwa taratibu kwa mikono, unafungwa plasta kutoka vidoleni hadi pajani, na kila wiki plasta inabadilishwa. Mara nyingi plasta 5 hadi 7 zinatosha. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha wote huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi umri wa miaka 4 au 5. Viatu vikiachwa mapema, mara nyingi mguu hupinda tena.

Tiba yote hiyo inategemea mama kurudi kliniki. Sasa mtazame mama wa Kasungami, huko komini Annexe, Lubumbashi, mwezi wa Desemba. Anaifunika plasta kwa mfuko wa nailoni, maana ikilowa hulainika na kazi ya wiki nzima imekwenda bure. Atafute manseba wa pikipiki hadi barabara kuu, apande taksi-bisi, na jioni nauli hiyohiyo tena. Siku hiyo hakuuza kitu, na watoto wengine nyumbani wanataka bukari. Mvua ikipiga tangu alfajiri, manseba hakubali kuingia matopeni. Mama anabaki. Wiki inayofuata anaona haya, kwa kuwa anajua atagombezwa mbele ya watu. Ya tatu, haendi tena.

Huyo si mzembe, na inaniuma kusikia akiitwa hivyo. Wala si yeye peke yake: mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye naye anatakiwa kurudi kliniki, ana shida zaidi: hawezi hata kutoka uani bila kijana wa kumbeba.

Sheria ya Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini Kongo. Haki hizo zifike mtaani: kliniki impigie mgonjwa simu kabla ya siku yake, wa Kasungami wapangiwe siku moja, na kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awafuate kwenye kituo cha afya cha jirani.

Nawe mama uliyekosa randevu, rudi, hata kama umechelewa mwezi mzima. Vidole vya mtoto vikivimba, vikipoa au kubadilika rangi, usingoje randevu: mpeleke leo plasta ifunguliwe.