Je, Wajua? CV Mbele ya Macho ya Mwajiri

Je, wajua kwamba Leonardo da Vinci naye aliwahi kuandika barua ya kuomba kazi? Ilikuwa kama mwaka 1482, akiwa na umri wa takriban miaka 30, na aliyeombwa kazi ni Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Leonardo alipanga ujuzi wake hoja kwa hoja: madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kukausha maji ya handaki wakati wa kuzingira ngome, mizinga, njia za chini kwa chini zinazochimbwa bila kelele, magari ya vita yaliyofunikwa. Uchoraji aliugusia mwishoni kabisa. Mtawala yule alikuwa na maadui wa kupambana nao, basi mwombaji akaanza na anachokihitaji mwajiri, si anachokipenda yeye. Akamalizia kwa kusema yuko tayari kufanya majaribio mbele yake. Alikuja kumtumikia Sforza kwa miaka mingi, na mchoro wa Karamu ya Mwisho ni kazi ya miaka hiyo.

Je, wajua CV husomwa kwa muda gani? Mwaka 2018 kampuni ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya watu wanaochuja maombi ya kazi, ikakuta kwamba mtazamo wa kwanza huchukua wastani wa sekunde 7.4. Kwa hiyo kazi yako ya sasa na sifa inayotajwa kwenye tangazo zikae juu ya ukurasa wa kwanza. Shule ya msingi inaweza kusubiri chini.

Sentensi moja tu yaweza kukuangusha. Mtunza stoo akiandika "nilihusika na shughuli za stoo", amesema nini? Karani na mlinzi nao walihusika. Aandike: "Nilipokea mizigo, nikailinganisha na ankara, nikaandika leja, na kila mwisho wa mwezi nikahesabu bidhaa 300 zilizokuwa chini yangu." Hapo mwajiri anamwona mtu kazini. Ukiyapitia maelezo yako yote kwa jicho hilo, nusu yake utayaandika upya, na inafaa kabisa.

Wajua kwamba kampuni nyingi kubwa huanza kuchuja CV kwa programu ya kompyuta? Majedwali, safu mbili na maandishi yaliyo ndani ya picha huweza kuichanganya. Mpangilio wa kawaida ni salama zaidi, tena tumia maneno yaleyale ya tangazo, mradi ni ya kweli kwako.

Kwa Tanzania, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huomba wadhamini watatu wa kuaminika, barua iliyosainiwa na vyeti kamili. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliwi badala ya cheti. Watu wenye sifa nzuri huachwa kwa sababu ya saini tu, na inauma. Wadhamini nao wapigie simu kabla ya kuandika namba zao.

Kughushi? Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ya Tanzania ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwaka 2012 Scott Thompson aliacha ukurugenzi wa Yahoo baada ya kugundulika kwamba shahada ya sayansi ya kompyuta iliyotajwa kwenye wasifu wake hakuwa nayo. Alisomea uhasibu.

Wajua jina pekee laweza kukunyima usaili? Watafiti walituma karibu CV 5,000 za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa majina yanayodhaniwa ya Wazungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yanayodhaniwa ya Wamarekani weusi. Hapo wa kubadilika ni mwajiri, si jina lako. Ila dini, kabila na hali ya ndoa usiziandike kama hujaulizwa.

Na je, wajua kwamba Kenya ilirekebisha Sheria ya Ajira mwaka 2022 ili kumpunguzia mwombaji gharama? Cheti cha mwenendo mwema, cha kodi na vingine vya aina hiyo huombwa pale tu mwajiri anapokusudia kuingia nawe mkataba. Ukidaiwa mapema zaidi, sheria iko upande wako.