Bukavu: kinanda kinalia vizuri, lakini mikro iko kimya

Siku ya Posho, saa tisa mchana, katika tarafa ya Kadutu. Vijana wawili wa kwaya wanaingia kwa fundi wa vyombo vya umeme wakiwa wamebeba kinanda kilichofungwa katika kitenge. Kinanda chenyewe ni kizima: ngoma zinapiga, besi inalia, kila tushi inajibu. Ila mikro ikichomekwa upande wa nyuma, hakuna sauti. Ukiisukuma fishi kidogo kwa kidole, sauti inakuja, inakwaruza, kisha inakufa tena. Kesho asubuhi kuna ibada, na mwimbishaji hana mahali pengine pa kuchomeka mikro yake.

Makanisa mengi madogo na makundi mengi ya muziki wa arusi hayana meza ya kuchanganyia sauti. Kinanda ndicho meza. Aina kama Yamaha PSR-S950 au Roland Juno-DS zina tundu la mikro: sauti ya mwimbaji inaingia humo, inachanganywa na muziki, halafu vyote vinatoka pamoja kwenda kwenye ampli na bafle. Tundu hilo likifa, mwimbishaji anabaki kupiga kelele, na mpiga kinanda anapunguza muziki hadi uwe kama mnong'ono.

Kwa kwaya hii, shida ilikuwa imekwisha kuzaa maneno. Viongozi walimwambia mpiga kinanda, mwanafunzi wa sekondari, kwamba ndiye anayekigusa kila siku, basi ndiye aliyekiharibu, na atakilipa. Kinanda cha namna hiyo, hata kilichotumika, kinauzwa kwa mamia ya dola. Kijana huyo ndiye aliyeshika upande mmoja wa mzigo, na tangu alipoingia hakusema sana.

Fundi hakukimbilia bisibisi. Aliomba kwanza mikro na kable yao, akavijaribu kwenye ampli yake mwenyewe. Hapo ndipo mafundi wengi wa haraka wanapokosea: wanafungua chombo kizima kumbe waya umekatika ndani ya kable, sentimita chache kutoka kwenye fishi, pale unapokunjwa kila siku. Alipima kable kwa multimeta, ncha moja hadi nyingine. Ilikuwa nzima. Akaangalia kama kitufe cha kuongeza nguvu ya mikro kimezungushwa, na kama mikro haikuzimwa kwenye skrini ya kinanda. Inachekesha, lakini watu wamelipa pesa ya ufundi kwa kitufe kilichorudishwa kwenye sifuri na mtoto.

Aina ya mikro nayo inahesabika. Mikro za studio, zile za kondensa, zinahitaji volti 48 zinazotoka kwenye meza ya sauti. Tundu la kawaida la kinanda halitoi volti hizo. Anayechomeka mikro ya studio humo atapata kimya, na hakuna kilichoharibika upande wowote.

Mikro ya kawaida ya kuimbia inajitengenezea umeme wake yenyewe, lakini ni umeme mdogo sana. Shure SM58, inayojulikana dunia nzima pamoja na nakala zake za bandia, inatoa karibu milivolti 1.85 mbele ya sauti yenye nguvu ya paskali 1. Pili ndogo ya redio ni volti 1.5, yaani mara 800 hivi zaidi ya hapo. Umeme dhaifu kiasi hicho hauvumilii kutu wala ufa njiani. Ndiyo maana kinanda kinaweza kupiga miaka kumi bila shida huku upande wa mikro umeshachoka.

Baada ya hapo ndipo kinanda kilichomolewa kwenye moto na kugeuzwa kifudifudi juu ya blanketi. Skrubu zilipangwa kwenye karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa upande wa juu. Ndani, tundu la mikro, lenye upana wa milimita 6.35, lilikuwa limeshikwa na miguu yake tu iliyounganishwa kwa risasi kwenye kibao cha umeme. Kila mara kable inapovutwa, miguu hiyo ndiyo inayobeba uzito. Chini ya lenzi, mguu mmoja ulikuwa umezungukwa na pete nyembamba nyeusi. Risasi ilikuwa imepasuka.

Dawa yake si kuongeza risasi juu ya ile ya zamani. Fundi aliyeyusha ya zamani, akainyonya yote, akasafisha mguu, kisha akaweka mpya. Pia alipuliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme ndani ya tundu, akaingiza na kutoa fishi mara kadhaa, maana unyevu wa ziwa na vumbi la mji vinachafua vibamba vya ndani. Katika matundu mengine kimoja cha vibamba hivyo kinafunga njia ya sauti wakati hakuna fishi. Kikikwama, kinaendelea kuifunga hata fishi ikiwa ndani. Kwa hiyo anayebadilisha tundu lazima atafute lenye miguu inayolingana na la kwanza. Likifanana kwa nje tu, kimya kinarudi.

Lingekuwa zima, kazi ingeendelea hadi kwenye saketi ndogo ya miguu minane, ya jamii ya 4558, inayokuza sauti ya mikro. Hiyo mara nyingi inauawa na mtu anayechomeka humo waya wa ampli uliokusudiwa bafle. Umeme mbovu pia unachangia. Bukavu inategemea mitambo ya Ruzizi, moto unakatika na kurudi kwa kishindo, jenereta inawashwa, na nyumba nyingi hazina waya wa ardhini. Mwimbaji anayehisi midomo ikichomwa anapoikaribia mikro asifikiri ni mapepo. Ni umeme unaovuja, na unaweza kuua. Ampli izimwe kwanza, maswali baadaye.

Kununua kinanda kingine hakukuwa jambo la kuzungumzia. Tangu vita vilipoufikia mji huu katika mwezi wa pili 2025, benki zilifunga na uwanja wa ndege wa Kavumu ukaacha kupokea abiria. Ndiyo maana katika karakana hiyo redio na ampli zilizokufa hazitupwi: matundu yake yanatolewa na kuwekwa katika makopo ya maziwa.

Kabla ya kufunga, fundi alimpigia simu kiongozi wa kwaya. Kwa heshima, akimwita mzee, alimweleza kwamba ufa wa namna ile haufanyiki siku moja, na kwamba mpiga kinanda anakaa mbele ya chombo wakati kable inavutwa na yule anayetembea na mikro. Mzee hakubishana, ila hakuahidi kitu. Alisema watalizungumza baada ya ibada.

Fundi akafunga kable mara moja kwenye mguu wa meza, ili ikivutwa, meza ndiyo ivutike. Akampa kijana mikro aimbe. Kijana alikataa kuimba, akahesabu tu: moja, mbili, tatu. Watu waliokuwa wakipita njiani waligeuka.